Mshumaa wa Etete Asegedech

Shiro Meda, Addis Ababa

Kwa mdogo wangu mpendwa Sinidu,

Kwa heshima na taadhima nakutangazia kwamba kaka yako, ambaye hajawahi kukabidhiwa hata ufunguo wa choo, sasa ni admini msaidizi wa kundi la simu la chama chetu cha mazishi. Usipige vigelegele. Kazi yangu ni kufuta picha za maua ya waridi ambazo watu hawakomi kuzituma.

Baada ya hayo, hujambo? Shemeji na mapacha hawajambo, na joto la Dire Dawa linawaachia mpumue? Sisi wazima. Mvua imetoboa bati la jikoni, na mke wangu anasema kosa ni langu.

Uliomba nikuingize kundini. Subiri kwanza nikueleze.

Admini mkuu ni Ato Lakew, yule mstaafu wa manispaa. Tangu mzee aliyepita mitaani na tarumbeta akitangaza misiba apumzishwe kazi, misiba inatangazwa simuni, na Ato Lakew ametunga kanuni kumi na nne. Hakuna kusalimiana, hakuna picha za watakatifu, hakuna kutuma sauti za kilio. Msiba ukitangazwa, weka kipicha cha mshumaa, kimoja, kisha kaa kimya.

Jirani yetu Asegedech, ambaye mtaa mzima humwita Etete kwa heshima ya umri wake, alinunuliwa simu na mwanawe Dagnachew, dereva wa malori ya Jibuti. Akaingia kundini kama anavyoingia nyumbani kwa mtu: akawajulia hali watu wote, nyumba kwa nyumba, mpaka ng'ombe wa Ato Lakew. Ato Lakew akamjibu mbele ya wote kwamba hapa si sokoni, mama, akamfungia asiandike wiki nzima. Alikuja kwangu amenywea, akaniuliza hii ni dini gani isiyo na salamu. Nikamwambia Etete, usijisumbue, tazama wenzako wanafanya nini, nawe fanya hivyohivyo. Akanitania kwamba basi hata kondoo angefaa kuwa mwanachama. Lakini alijifunza. Tangu hapo kila msiba ulipata mshumaa wake, bila neno.

Mwezi uliopita lori la Dagnachew lilipinduka njiani. Hakupona.

Unatujua tulivyo: mama haachwi ausikie msiba wa mwanawe akiwa peke yake. Huendewa alfajiri, kabla hajawasha moto, ashikwe mikono ndipo aambiwe. Nasi tulipanga hivyo. Ila Ato Lakew alitaka hema na mabenchi yawe tayari, basi jioni akatangaza kundini, jina kamili, akisahau kwamba mama wa marehemu yumo humo, na aliyemwingiza ni yeye mwenyewe.

Mishumaa ikamiminika. Katikati yake ukatokea wa Etete.

Sote tuliuona. Asnakech muuza mkaa akanipigia simu analia, kwamba maskini mama wa watu kamwekea mwanawe mshumaa bila kusoma, twende sasa hivi. Ato Lakew akasema tumwache. Kama hajui ni heri, alale usiku mmoja zaidi akiwa na mtoto. Nami nikakubali. Ukuta wetu na wake ni mmoja, Sinidu. Nilitega sikio, sikusikia kitu, nikashukuru.

Alfajiri tulikwenda, Ato Lakew mbele, akirudia maneno yake chini kwa chini. Mlango ulikuwa wazi. Nyumba imefagiliwa, vigoda vimepangwa, na yeye amekaa sakafuni, mtandio wake mweupe ameugeuza kimsiba. Akatukaribisha. Akasema alisoma tangu jioni, neno kwa neno, akarudia mara ya pili asije akawa amekosea. Asnakech akamuuliza, sasa Etete, kwa nini hukupiga kelele, si tungekuja mbio? Hakumtazama Ato Lakew. Alinitazama mimi, akasema alifanya kama wenzake.

Kwa hiyo sikuingizi. Ukitaka habari zetu, panda basi uje.

Mke wangu anakusalimu sana, pilipili ya kusaga utaletewa na wa kwanza atakayeshuka huko. Wabusu mapacha, na umwambie shemeji aache kunitumia maua.

Kaka yako,
Wubishet

Nilisahau: jana Ato Lakew aliongeza kanuni ya kumi na tano. Mfiwa haruhusiwi kuweka mshumaa.