Nimemwandika marehemu mzee aliye hai

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba usinicheke kabla hujafika mwisho, maana mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, nasomea kuchagua filamu na kuzipanga kwa ajili ya maonyesho, masomo ambayo mama yangu huwaelezea majirani kwamba nasomea kukaa mbele ya televisheni, na mtihani wetu wa mwisho ni kila mmoja kuandaa onyesho lake ukumbini, filamu tano, pamoja na kijitabu chenye maelezo ya kila filamu.

Filamu yangu ya tatu ni ya maisha ya kweli, dada mmoja amemrekodi baba yake mgonjwa nyumbani kwa miezi saba, na mimi nilipofika pale mzee anapobebwa kwa blanketi kuingizwa kwenye gari la wagonjwa nilizima kompyuta, kwa sababu baba yangu alitoka nyumbani hivyohivyo mwaka juzi na hakurudi, nikaona mwisho naujua, nikaandika kwamba binti anamsindikiza baba yake hadi pumzi ya mwisho, na mhadhiri wangu, ambaye anasimamia wanafunzi kumi na wanne na filamu hiyo hajaiona, akayasoma maelezo yangu darasani akasema, "Hivi ndivyo anavyoandika mtu aliyetazama kwa makini," nami nikainamisha kichwa, wenzangu wakadhani ni unyenyekevu.

Jumatatu mtengeneza filamu akanitumia ujumbe: "Tutakuja wote. Baba ameshachagua hadi viatu vya siku hiyo." Mshauri, kwanza nilifurahi, nilisimama jikoni peke yangu nikisema yupo, mzee yupo, kisha nikakumbuka vijitabu mia mbili vilivyokwisha kuchapwa, vilivyo chini ya kitanda changu, nikaenda kuinama kuyaangalia maboksi yake. Nashukuru maboksi hayajafunguliwa. Onyesho ni mwisho wa mwezi, na rafiki yangu wa chumba cha pili ananishauri niseme mpiga chapa ndiye aliyeharibu, tuchape upya kimyakimya, kwa sababu mhadhiri akijua anaweza kunifelisha na miaka yangu miwili ikapotea bure. Je, nimsikilize?

Aliyeishia njiani

Mdogo wangu uliyeishia njiani,

Nimecheka, samahani, nikaacha nilipofika kwenye habari za baba yako. Pole sana. Sasa shusha pumzi: maboksi yamefungwa, mzee hajasoma kitu, na kosa lililo bado chini ya kitanda linarekebishika.

Lakini mpiga chapa amekukosea nini? Alichapa ulichompelekea, neno kwa neno. Rafiki yako mwambie akae na ushauri wake hukohuko chumba cha pili.

Na kuna jambo nimelitafuta kwenye barua yako mara mbili sijaliona. Umenieleza viatu vya mzee, umenieleza maboksi, ila hujaniambia kwamba umeitazama filamu hadi mwisho. Hujaitazama, sivyo? Unajua mzee yu hai na bado unaiogopa. Utawaketishaje watu gizani watazame kitu ulichokikimbia mwenyewe?

Leo usiandike chochote. Mwite mama yako, mketi pamoja, muitazame yote. Mkilia, isimamisheni, mlie, muendelee. Kesho asubuhi nenda ofisini kwa mhadhiri na kijitabu kimoja mkononi, umwambie, "Sikuimaliza, na sababu ni hii." Akikupunguzia alama, zipokee bila kununa. Yeye aliyesifu asichokiona ana lake la kujibu, lakini si wewe wa kumkumbusha. Kisha mpigie mtengeneza filamu umweleze kwa mdomo wako mwenyewe, asije akaambiwa na watu, halafu uandike ukurasa ule upya.

Siku ya onyesho simama mlangoni, umpokee mzee, umkalishe mbele. Naona kabisa kwamba utakuwa unamtazama yeye kuliko filamu. Mtazame tu. Baba wa mtu alikwenda hospitali akarudi nyumbani, na hata wewe una ruhusa ya kulifurahia hilo.