Hema la Mume Wangu Gulioni

Jumatano, 2 Julai

Nimechota maji, nimefagia uwanja, nimerudi kumtazama. Bado amelala. Mume wangu! Kila nikiandika neno hilo natabasamu peke yangu kama mwehu. Ukungu umeingia mpaka barazani. Milima yote imepotea, tumebaki sisi wawili juu ya wingu. Shabani ni mtu wa Gairo, kwenye tambarare na jua. Baridi ya huku kwetu Uluguru inamtesa. Anavaa sweta langu. Linambana. Anapendeza.

Watu wakiuliza mume wangu anafanya kazi gani, nasema mbunifu. Jana Bibi, mzaa mama yangu, alimletea kitambaa cha gauni. "Mume wangu, nishonee hili, na usilibane kiunoni. Huyu mke mwenzangu mwembamba asikuzoeshe vibaya." Shabani alicheka mpaka akakohoa. Akamweleza kwamba habuni nguo, anabuni huduma. Anapanga kliniki iweje ili mama mjamzito asihangaike. Bibi akamsikiliza vizuri sana. Kisha akasema, "Kumbe. Sasa gauni utaanza lini?"

Jumamosi, 5 Julai

Nimechoka, nina furaha. Tumezunguka nyumba kwa nyumba, mimi na yeye, kwenye vijia vya migomba. Wauguzi watapanda kutoka mjini kila Jumatano, siku ya gulio. Mwezi huu tu, ni majaribio. Wajawazito wakija, kliniki itabaki huku. Wasipokuja, itarudi Morogoro mjini, na wenye mimba watateremka mlima kwa miguu kama siku zote.

Shabani anauliza kwa upole, mpaka nasikia wivu. Hema la kliniki likae gulioni, pale barabarani, kila mtu alione? "Haya," wanasema. Wauguzi wavae sare? "Haya." Kila nyumba, haya.

Jioni alibandika vikaratasi vya rangi ukutani, juu ya kitanda chetu. Njano, waridi, kijani. Vyote vinasema: wamekubali. Ni kama kulala chini ya maua.

Jumatano, 9 Julai

Hema lilikuwa jeupe kama wingu lililoangukia kwenye mafungu ya karoti. Shabani alisimama mlangoni na shati nililolipiga pasi mimi. Shikamoo kwa huyu, karibu kwa yule. Mzuri!

Hakuja mjamzito hata mmoja. Alikuja Bibi, kupima presha na kukaa karibu na "mume wake". Akaja mzee mmoja akiulizia miwani. Basi.

Nami nilikuwepo. Sasa niandike jambo ambalo sijalitamka popote. Siku zangu zimepitiliza. Nilitaka kuingia hemani. Mbele yangu walikaa wauza vitunguu wote wanaonijua tangu nanyonya. Macho yote kwangu. Nikajitanda khanga ya pili, nikauliza bei ya ndizi, nikapita.

Mke wa mwenye hema. Nikapita!

Alhamisi, 10 Julai

Shabani hali vizuri. Anasema labda tangazo halikutosha. Anataka kuweka bango kubwa na spika, akina mama waitwe kwa majina.

Kwa majina! Nampenda kupita kiasi, na kipenzi changu anataka kutangaza matumbo ya watu kwa spika.

Kwetu mimba changa haisemwi. Ni ya kufichwa mpaka ijitokeze yenyewe. Bibi husema yai halibishwi hodi kumuuliza kifaranga kama yumo. Nikimweleza Shabani, atauliza nimejuaje, na itabidi nitamke. Nikinyamaza, kliniki inaondoka. Naogopa yote mawili.

Jumapili, 13 Julai

Nimemweleza. Tulikuwa mtoni tunafua. Maji baridi, mwanga unacheza kwenye povu, ndege mmoja hataki kunyamaza. Nilianza na lile neno lao, "haya".

Nikamwambia "haya" aliyoisikia si ndiyo. Nani huku angemwambia mgeni, tena mkwe, kwamba hapafai? Walisema haya kwa sababu ya haya zao.

"Kwa hiyo hakuna aliyekubali?"

"Hakuna."

"Hata mmoja? Wewe umejuaje?"

Sikutamka. Nilishika mkono wake wenye sabuni nikauweka tumboni kwangu. Alinitazama. Akatazama mkono. Kisha akakaa majini, na suruali yake, na kitambulisho cha kazi mfukoni. Nimecheka, nimelia. Sijawahi kupendwa hivi.

Jumatatu, 14 Julai

Amebandua vikaratasi vyote. Ukuta mtupu. Hakununa. Alisema alikosea alipouliza watu kama wanapenda wazo lake, wakati kazi yake ni kujua maisha yao yanapita wapi. Nimempenda upya.

Leo swali lilikuwa jingine: mwanamke wa huku huenda wapi bila kuulizwa anakwenda wapi? Wala hakuliuliza yeye. Alituachia mimi na Bibi, tukakaa na wanawake tukimenya maharage. Yeye akabaki jikoni kupika ugali. Ukaungua, harufu ikatufikia. "Mbunifu wenu huyo!" wakasema. Vicheko. Na kwenye vicheko ndimo maneno yalimotoka.

Mashineni. Kila mwanamke hubeba ndoo ya mahindi kwenda kusaga. Nyuma ya mashine kuna stoo yenye mlango upande wa migomba. Na injini inavyonguruma, nesi akiuliza jambo, atasikia aliyeulizwa tu.

Shabani aliwapigia wakubwa wake leo leo. Walibisha. Akawaambia hema limeshindwa na aliyekosea ni yeye. Wakampa Jumatano hii.

Jumatano, 16 Julai

Nilikwenda na ndoo yangu. Njiani wengine nao na ndoo zao, baadhi mahindi hata hayafiki nusu. Hakuna aliyemwuliza mwenzake kitu. Tulisalimiana, tukasogea.

Bibi alimkamata Shabani mapema. "Mume wangu, leo kazi yako ni kukaa mbali." Shabani akakaa juu ya jiwe, kule ng'ambo ya migomba, akimenya chungwa ambalo hakulila. Kutoka pale mlango hauonekani. Hakujua nani ameingia, wala wangapi.

Niliingia. Nesi alinipima, akaandika, akanishika bega. Nilipotoka, benchi lilikuwa limejaa, na mmoja alikaa juu ya ndoo yake.

Wauguzi wamesema Jumatano ijayo waletewe benchi la pili.

Tulirudi pamoja jua likielekea kushuka. Shabani hakuniuliza lolote. Alichukua ndoo ya unga, akaiweka kichwani kwake mwenyewe, vibaya. Unga ukawa unamdondokea begani. Tukapanda polepole.