Ramani ya Maji Niliyoichora

Shoga, bosi ananiambia, "Nyamaza, Mama Pacha, ramani imeshachapwa." Nikamjibu, "Magari ya maji yamepelekwa kwa wenye maji!"

Kosa ni langu. Mitaa yenye maji mengi niliipaka bluu nzito. Madereva wakaona rangi nzito, wakadhani ndiko kwenye shida. Siku ya tatu leo, wenye kiu wanatazama barabara tupu.

 

Bosi tena: "Funika kombe." Funika kombe! Watoto wa watu wana kiu, mimi nifunike kombe.

"Utafukuzwa." Nikasema, "Haya."

Nimeipaka upya, mitaa mikavu ni myekundu. Chini nimeandika, "Nilikosea mimi," na jina langu. Nimewatumia madereva wote sasa hivi, bosi kasimama mlangoni.

Mmoja ameshajibu: "Nageuza gari."