Mtaa wa Kutembea

Shoga, nimejifungia choo cha ukumbini na sitoki.

Si unajua leo afisa wa mipango miji alikuja kutuuliza kama barabara ya saluni yangu ifungiwe magari? Maduka chini, nyumba juu, watu watembee kwa miguu. Mimi naufia mpango huo, wateja wanipitie mlangoni.

Akauliza nani huja kazini kwa miguu. Nikasimama kifua mbele: "Mimi natembea na fundi viatu kila siku. Hata mkewe anajua."

Natembea na fundi viatu. Kwa mdomo wangu huu huu.

Mkewe, nyuma yangu: "Ndiyo kwanza nasikia, dada."

Afisa, masikini, akasema wanaotaka mtaa wa kutembea wanyooshe mikono.

Ikanyooshwa miwili. Wangu na wa fundi viatu.