Ukungu wa Miezi Tisa

Winnipeg,
Septemba 14

Kwako shemeji yangu Philomène, mtani wangu, mwanamke ambaye masikio yake yamekufa lakini macho bado yanaona uchafu kwenye shingo ya mtu aliye ng'ambo ya ziwa.

Pokea salamu zangu, kisha uzigawe kwa wanaozistahili, na ninajua si wengi. Naomba barua hii ikukute magoti yako yanakubeba mpaka kanisani na kukurudisha, na meno yale matatu uliyobakiwa nayo hayajagombana. Ukitaka kujua hali yangu, mimi ni mzima kwa kadiri mzee wa miaka sabini na sita anavyoweza kuwa mzima. Naamka, nasali kidogo, natukana kidogo, nakunywa chai isiyo na sukari, jambo ambalo Mungu mwenyewe hakumfanyia hata Yona. Mwandiko wangu uuvumilie. Herufi zetu hizi za Kikrii nilifundishwa na bibi kwa mkaa juu ya gome la mti. Shuleni kwa mapadri niliishia darasa la tatu, na la nne nililiona dirishani nikikimbia.

Viatu vimefika. Charlene, mhudumu wa Kituo cha wazee wenyeji, alivifuata uwanja wa ndege, na nilipofungua lile gazeti harufu ya moshi ilijaa chumba mpaka jirani akabisha hodi kuuliza kama naungua. Nimeigusa ile ngozi ya musi, yule paa mkubwa wa misitu yetu, na najua ni mikono yako iliyoilainisha, maana hakuna mwanamke mwingine kule mwenye ukaidi wa kutosha. Shanga za buluu nimezihesabu. Na kile kikaratasi ulichokitia ndani ya kiatu cha kulia nimekisoma mara nyingi kuliko nilivyowahi kuisoma Injili: "Kwa Ambrose, uliyekuwa mdomo wa mdogo wangu."

Sijavivaa, Philomène. Navirudisha pamoja na barua hii. Usikasirike kwanza. Hasira yako itunze, huko mbele utaihitaji.

Zile barua nne nilizokuandikia kwa niaba ya Alcide hazikukueleza alivyoishi huku, kwa hiyo ngoja nikueleze. Unajua mwenyewe kwamba yeye alishuka huku mjini kwa ajili ya figo, kwa kuwa kwetu hakuna mashine ya kusafisha damu, na mimi nilishuka kwa ajili ya mguu nikasahaulika huku. Tulikaa jengo moja, mimi chini, yeye ghorofa ya tatu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa gari la Kituo lilimpeleka kwenye mashine. Alhamisi Charlene alikuja na beseni lake, akatuosha miguu na kutukata kucha, sisi wenye kisukari ambao kidonda kidogo kinaweza kutuondolea mguu mzima. Baada ya miguu, sote tulishushwa Kituoni kunywa supu na kucheza karata na wazee wengine wenyeji. Wapo Waojibwe, wapo Wadakota, mmoja anadai ni mtoto wa chifu na anaiba karata. Wakrii tulikuwa wawili tu, mimi na mdogo wako. Charlene ni Mkrii kwa sura, lakini serikali ilimchukua akiwa mchanga akalelewa na Wazungu, na hajui neno letu hata moja. Kosa si lake. Mikono yake ni ya kikwetu, na anapokushika mguu unadhani ni dada yako.

Kisha mwaka jana, mwezi wa Agosti, kikaja kile kiharusi. Kilichukua mkono wa kulia, ndiyo maana ilibidi mimi niandike. Kikachukua na Kiingereza chote. Hakikubaki hata "asante" ya Kizungu. Mapadri walitumia miaka saba na mkanda kumtoa Alcide Kikrii wakashindwa, lakini kiharusi kilimtoa Kiingereza asubuhi moja, kabla ya chai. Tulicheka sana juu ya hilo, mimi na yeye, pale kitandani. Mdomo wake ulikuwa umeenda upande, lakini alicheka.

Basi nikawa mkalimani. Ningelipenda unione. Mtu wa darasa la tatu, na madaktari wamesimama na kalamu zao wakisubiri nifungue kinywa! Muuguzi alipouliza kama choo chake ni kizuri, Alcide alinijibu nimwambie yule dada kwamba ana miguu kama ya korongo. Nami nikamwambia muuguzi kwamba mgonjwa anashukuru na anasema choo ni kizuri. Muuguzi akafurahi, Alcide akafurahi, nami nikapewa kikombe cha maji ya machungwa. Nilizoea. Nilianza kuona kwamba maneno yakiingia kwangu ni yangu, na nikiyatoa nayatoa nipendavyo.

Siku aliyotoka hospitali, Alcide alifunga mkoba. Alitumia mkono mmoja na meno, akakataa nimsaidie. Alitia shati la kanisani, wembe, picha ya mkewe, marehemu dada yangu, na ile kofia mbaya ya manyoya uliyomshonea. Akauweka mlangoni. Kila nilipopanda kumjulia hali aliniuliza, "Shemeji, ndege lini?" Nami nikamwambia huko kwetu kuna ukungu, ndege haziruki.

Tulia. Najua wewe uko huko, na unajua hapakuwa na ukungu. Nakuja.

Mtu wa kusini angepiga simu uwanja wa ndege na kugombana. Lakini sisi tumezaliwa mahali ambapo anga ndiyo inayoamua. Tumesubiri ndege ya daktari siku tisa, tumesubiri jeneza la baba yangu wiki mbili. Mtu wetu akiambiwa ukungu, anakaa chini. Mdogo wako akakaa chini. Oktoba ilikuwa ukungu. Novemba ziwa lilikuwa halijaganda vizuri. Januari nikamwambia baridi imekaza mafuta ya ndege, na Machi rubani akaumwa meno. Alikuwa akitikisa kichwa na kumsikitikia yule rubani. Kila Alhamisi alivaa soksi safi, ndege isije ikafika akakutwa na soksi chafu. Wewe nawe ulipoandika kuuliza anarudi lini, nilikujibu kwamba madaktari bado hawajaruhusu.

Liko jingine, na hili limenifanya nishindwe kula. Ilikuwa mwezi wa pili. Charlene alinifuata kwenye lifti akaniuliza, mzee Ambrose, kuna neno Alcide huniambia kila nikimwosha miguu, *kiwe, kiwe*, maana yake nini? Alikuwa ameliandika kwenye kiganja chake ili asilisahau. Wewe unalijua neno hilo. Kila Mkrii anayenyonya analijua. Ni kurudi kwetu. Nikamwambia maana yake ni asante.

Alifurahi, Philomène. Aliniambia ni neno lake la kwanza la lugha ya mama yake. Kuanzia siku hiyo, kila Alhamisi alipomaliza kumkausha miguu, alimtazama usoni na kumwambia kwa sauti nzuri, "Kiwe, mzee. Kiwe." Rudi kwenu, mzee. Rudi kwenu. Na kila mara mdogo wako aligeuka kuutazama mkoba, kisha akaanza kujivuta ainuke kwenye kiti. Charlene akamrudisha taratibu, akamwambia kwa Kiingereza apumzike, hakuna haja ya kusimama kwa ajili ya shukrani. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nachanganya karata.

Sasa nimefika mahali nilipokuwa napakwepa tangu mstari wa kwanza.

Ilikuwa Septemba ya mwaka jana, kabla hajatoka hospitali. Bata bukini walikuwa wakipita juu ya paa wakielekea kusini, tuliwasikia mpaka ndani. Daktari, mwanamke mwema, alikuja akaketi kitandani, na Charlene alikuwapo na karatasi zake. Daktari akaniomba nimuulize Alcide kitu, na akaniomba nisiharakishe. Alisema mashine inamweka hai, lakini moyo umechoka na kiharusi kinaweza kurudi. Je, anataka kuendelea na mashine au basi? Akisema basi, Kituo kitamtafutia ndege, na muuguzi wa kijijini atahakikisha haumii. Atakuwa na siku kumi, pengine kumi na mbili. Ataziishi popote anapotaka.

Nilimuuliza. Kwa hilo sina dhambi, sikupunguza neno. Naye hakufikiri hata muda wa kumenya kiazi. Alisema, "Nataka kurudi kwetu. Philomène anichemshie samaki mweupe, nikae mlangoni niangalie maji. Imetosha, shemeji."

Nikamgeukia daktari nikasema: anataka kwenda nyumbani. Wazungu wana neno moja tu kwa chumba unacholala na nchi iliyokuzaa. Kwa hiyo mpaka hapo sikuwa nimedanganya. Daktari akauliza, nyumbani wapi? Aliniuliza, Philomène. Aliniachia mlango wazi. Nami nikajibu: hapa hapa mjini, kwenye chumba chake cha ghorofa ya tatu, na mashine aendelee nayo.

Daktari akatabasamu. Charlene akairudisha karatasi ya ndege mkobani mwake, akambana Alcide mkono. Naye alipowaona wanatabasamu alijua amekubaliwa. Akanishukuru. Akaniambia kumbe darasa la tatu linatosha.

Usidhani nilimhurumia. Ningependa kukuandikia hivyo, na padri ningemwambia hivyo, lakini wewe ni mtani wangu na mtani hadanganywi mara mbili. Nilijihurumia mimi. Dada yangu amekufa, wenzangu niliofanya nao kazi maghalani wamekufa. Alcide akienda, nani katika jengo lile lote ataniita mjinga kwa lugha yetu? Hawa wengine wananiita mzee, wananishika kiwiko. Mtu asiye na wa kumtania amekwisha kufa, anasubiri tu kuzikwa. Kwa hiyo nilimnyima siku zake kumi pamoja nawe, nikajichukulia miezi tisa.

Na haikuwa miezi mizuri. Mishipa ya mkono iligoma, mirija ya mashine wakaihamishia kifuani. Alikuwa akitoka kwenye mashine mweupe kama kitambaa cha altare. Mwezi wa tano hakuweza kushika karata, nikawa nachezea mikono yote miwili, wake na wangu, na nikawa namwachia ashinde. Hilo nalo alilitambua, akanitukana.

Mwezi wa sita, siku mbili kabla ya kufa, aliniomba nimfungulie pazia. Nje jua lilikuwa linawaka, anga safi, huoni wingu. Akatazama nje muda mrefu. Kisha akaniambia, "Ukungu hauko kule, shemeji. Unatoka mdomoni mwako." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuonyesha uji umekubakia kidevuni. Hakuuliza tena ndege. Siku iliyofuata, Alhamisi, alikataa soksi.

Basi ndege mliyoipokea mwezi ule ndiyo ile aliyoisubiri, na mkoba uliofuatana na jeneza alikuwa ameufunga mwenyewe.

Wiki iliyopita nami nimeambiwa figo zangu zimechoka. Mwezi ujao naanza mashine, kiti kilekile cha dirishani alichokalia mdogo wako. Nikaona ni lazima nizungumze na Charlene. Alikuwa ameupakata mguu wangu, maji ya beseni yanafuka, nikamwambia *kiwe* haina maana ya asante, na maana yake ni nini. Hakulia. Aliniuliza alimwambia mara ngapi. Nikasema kila Alhamisi. Akaanza kuhesabu kwa vidole, Februari, Machi, akaacha katikati. Kisha akachukua taulo akanikausha mguu, kidole kwa kidole, taratibu kama siku zote. Afadhali angenimwagia lile beseni.

Nimemwomba aliandike neno hilo kwenye faili langu, na maana yake ya kweli pembeni. Siku nikilisema wanipeleke, wasimtafute mzee mwingine wa kuwafasiria. Ameandika. Alhamisi hii amekuja tena, na hajalisema neno hilo.

Sikuombi unisamehe, maana najua ulivyo na kichwa kigumu. Nimekuambia kwa sababu ulinishukuru.

Nisalimie wote wanaonikumbuka, na wasionikumbuka wakumbushe deni la matusi walilonalo kwangu. Msalimie padri, mwambie nimeungama, ila si kwake. Ukifika kaburini kwa Alcide, mwambie Ambrose ameandika kila kitu kwa mkono wake, na anga huku ni safi. Na siku nikija, msiponitaka upande wake, nitalala hata nje ya ua karibu na mbwa.

Ni mimi shemeji yako, mdomo mbaya,
Ambrose Linklater

Nimesahau. Viatu ukiona vyema kuvichoma, vichome, sitauliza. Lakini ukivirudisha, cha kushoto kipunguze mbele. Sikuwahi kukuambia: mguu ule umebaki na vidole viwili.