Bomba la Bibi Harusi

Ghorofa ya tatu, mlango wa mwisho,
Nyuma ya stesheni ya zamani.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Mkia,

Hujambo wewe, na hawajambo wa nyumbani kwako? Mgongo unaendeleaje, bado unakusumbua ukikaa sana ofisini? Na wanangu wawili, yule mdogo meno ya mbele yameshaota? Mimi ni mzima, isipokuwa koo, ambalo limechakaa kwa miaka ishirini na miwili ya kupiga domo kwenye kipaza sauti. Shangazi yetu yupo. Goti lake halipandi ngazi tena, lakini ulimi wake unapanda popote.

Barua yako nimeipata pamoja na ile orodha. Unasema wakwe zako wanataka kuuona mji mkuu mwezi wa Juni, siku saba, na kwamba dada yako anayeishi kwa kutembeza wageni atajua la kufanya. Umeandika mahali kumi kwa mwandiko mzuri, na kila mahali umepapangia saa. Niliisoma nikicheka, na nilipofika namba tisa nikaacha kucheka. Namba tisa nitaijia.

Kwanza ujue hili. Nyumba ya Shangazi, ile iliyotulea baada ya wazazi wetu kufariki, imechorwa alama ya X nyekundu ukutani. Manispaa inataka kuibomoa mwisho wa Aprili ili watalii wapate uwanja wa kusimama na kupiga picha. Na kosa ni langu mimi. Nivumilie, maana siwezi kukueleza nilivyokosa bila kukueleza kwanza kazi yenyewe na watu ninaowatembeza.

Namba moja umeandika Sanamu ya Jenerali. Mtafika pale saa tatu asubuhi pamoja na mabasi kumi na moja. Jenerali amepanda farasi mwenye tumbo la ng'ombe, kwa sababu aliyemchonga hakuwahi kumwona farasi wa karibu. Wageni hawalioni hilo. Wanampa Jenerali kisogo, wanainua simu, wanajipiga picha wenyewe. Siku moja niliwaeleza vita vyake vyote kwa dakika kumi, jasho likinitoka, na nilipouliza kama kuna swali, bwana mmoja mwenye kaptula akauliza choo kiko wapi. Hilo ndilo ninaloulizwa kuliko yote. Nikifa, andikeni kaburini kwangu kwamba nilivijua vyoo vya mji huu.

Namba mbili hadi tano ni makumbusho. Yale makubwa yana vyumba vinane, na vitano vimefungwa kwa matengenezo tangu ulipokuwa sekondari. Katika vile vitatu vilivyobaki kuna viti walivyokalia wakubwa wa zamani, na mbele ya kila kiti kuna kamba. Watu wazima na akili zao, waliopanda ndege wakavuka nusu ya dunia, wanasimama kimya wakitazama kiti. Mlinzi wa chumba cha pili, aliyekabidhiwa viti kumi na viwili, husinzia amesimama kwa sababu yeye peke yake hana pa kukaa.

Namba sita ni soko la vinyago. Vinyago hivyo hushushwa kwenye lori kila Jumanne, vimepangwa kwenye maboksi na kila kimoja kimevishwa plastiki. Wauzaji huvipaka dawa ya viatu ili vionekane vya kale. Wakwe zako watanunua kimoja, watakizungushia nguo chafu kwenye begi, na kitakaa juu ya kabati lao miaka kumi, wakiwaambia majirani kwamba mzee aliyekichonga aliwatazama machoni.

Usidhani nimezeeka vibaya. Wageni nawadharau, sifichi, lakini tajiri yangu namdharau zaidi. Sisi wafanyakazi tunamwita Bwana Ratiba. Ametuchapia karatasi inayoupa mji mzima saa nne: sanamu dakika kumi na tano, makumbusho arobaini, huzuni kwenye makaburi ya mashujaa, namba saba yako, dakika tano. Gari likichelewa, mwongozaji haruhusiwi kunyamaza. Ni lazima aseme kitu, chochote, mpaka gari lije. Sisi tunaita kujaza pengo.

Dereva wetu, mtu mzito anayependa chai, hutushusha kila siku kwenye mdomo wa kile kichochoro chetu cha kwa Shangazi, akaenda kugeuzia basi stesheni na kurudi amechelewa dakika kumi na mbili. Dakika hizo kumi na mbili ndizo zilizomfikisha Shangazi hapa alipo.

Ilikuwa miaka tisa iliyopita. Nilisimama na watu thelathini juani, nimemaliza yote niliyoyajua, na mama mmoja mwenye kofia pana akanyoosha kidole kwenye bomba la mlangoni kwa Shangazi, akauliza lile ni nini. Ningesema ni bomba, mambo yangeisha. Lakini nilizitazama nyuso zile zinazosubiri kulishwa, dharau ikanipanda kichwani. Nikasema hilo ni Bomba la Bibi Harusi. Nikasema zamani bwana harusi alimtoroka mwenzake siku ya harusi yao, na bibi harusi akanywa maji pale kwa kiganja cha kushoto mara tatu, na kabla jua halijatua bwana akarudi miguu mitupu, anahema. Nikamalizia kwamba anayekunywa maji ya bomba hilo ni lazima aurudie mji huu kabla hajafa. Nilitaka tu kuona kama watu wenye shahada zao wataamini. Walipanga foleni.

Wewe bomba lile unalijua. Fundi, mume wa Shangazi, Mungu amrehemu, alilifunga kwa mikono yake nikiwa darasa la tano, baada ya mkewe kuumia goti kwa kubeba ndoo kutoka barabara ya chini. Wewe ulishika tochi, ukadondosha nati mtaroni, ukalia mpaka Fundi akakupa spana uishikeshike unyamaze. Hapakuwahi kufika bibi harusi pale ila Shangazi mwenyewe, na yeye alifika na ndoo.

Mwaka haukuisha, waongozaji wa kampuni nyingine wakaibeba hadithi yangu na kuitia chumvi zao. Mmoja akamwongezea bibi harusi jina, mwingine akamwongezea mtoto. Hadithi ikaingia kwenye vitabu vya wageni. Kisha Manispaa ikapigilia kibao cha shaba kisemacho bomba lina umri wa miaka mia moja na arobaini. Pale kwenye koki, chini ya kidole gumba cha kila mtu anayeifungua, kiwanda kimeandika mwaka. Hakuna aliyewahi kuusoma. Mimi nilivunjika mbavu kwa kicheko, nikamweleza dereva, tukacheka wote na chai yake mkononi.

Mwezi uliopita nikakuta ile X nyekundu, nikaacha kucheka.

Nikaenda Manispaa kwa afisa wa urithi, mtu mwenye tai fupi na meza isiyo na karatasi hata moja. Nilimwambia yote, kwamba niliitunga mimi, siku fulani, kwa sababu basi lilichelewa. Nilidhani atanikasirikia. Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mgonjwa anayeweweseka.

"Mama, wewe ni mwongozaji tu," akaniambia. "Hili lina faili, na faili lina shahidi."

Nikamwomba anionyeshe huyo shahidi. Akafungua kabati, akanisomea: mkazi mzee wa kichochoro anathibitisha kuwa habari za bibi harusi alizisikia kwa bibi yake, naye kwa bibi yake. Chini pana saini. Ni saini ya Shangazi, yenye ule mkia mrefu aliokuwa akiuweka kwenye ripoti zetu za shule. Afisa akasema shahidi huyo akija mwenyewe kufuta maneno yake, faili linaanguka na nyumba inabaki. Mimi hata nikija na kwaya nzima, sisaidii kitu. Kesho yake Bwana Ratiba akaninyang'anya kitambulisho kwa kuichafua kampuni. Kwa hiyo hata ningetaka kuwatembeza wakwe zako, siruhusiwi tena.

Nilikwenda kwa Shangazi damu inachemka. Nilimkuta amekaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, goti amelinyoosha, karibu na lile bomba. Nilimuuliza amepatwa na nini mpaka akatia saini upuuzi wa namna ile. Hakugeuza hata shingo. Akasema miaka minane iliyopita alikuja bwana mmoja na faili, akamuuliza kama hadithi ni ya kweli, na akamweleza kwamba ikiwa ni ya uongo, mwongozaji aliyeianzisha atafutwa kazi.

"Ningemjibu nini?" akasema. "Uongo nilikuwa nimeshaujua ni wa nani. Kasuku wangu namjua sauti yake."

Mkia, aliponiita Kasuku kama tulipokuwa watoto, nilikosa pa kuuficha uso. Miaka yote hiyo nilijiona mimi ndiye mjanja ninayewacheka watu, na huyu mama alikuwa ameiweka nyumba yake rehani ili nisiaibike, na hakuninong'oneza hata neno moja. Nikamwambia basi twende kesho akafute, kazi sina tena, hakuna cha kulinda. Hapo ndipo alipokataa.

Sikumwelewa. Nilimwambia wale watu hawamjali, kwao yeye ni sehemu ya ukuta. Ndipo akanigeukia, akaniambia kwamba tangu Fundi afariki na wewe uondoke, mlango ule haukuwa na mtu wa kuubisha. Mimi nakuja Jumapili, kwa saa moja tu, jicho langu likiwa kwenye saa ya ukutani. Wageni wale wanakuja kila siku. Amejifunza kusalimia kwa lugha sita. Wanamshika mkono, wanamwonyesha picha za wajukuu wao. Yule mama mwenye kofia pana niliyemfanyia mzaha alirudi mwaka juzi, anatembea kwa fimbo, kwa sababu tu alikuwa amekunywa maji ya bomba. Walikaa pamoja mchana kutwa bila lugha ya kuelewana, wakamenya viazi.

"Wakivunja, kiti changu nitakiweka uwanjani, karibu na bomba. Nikisema ni uongo, hawaji tena," akaniambia. "Nyumba nitabaki nayo. Nitakaa na nani?"

Nilikaa chini kwenye kizingiti mpaka jua likahama, na mwisho akanipa sharti lake. Nakuandikia kama alivyolisema.

"Mwambie Mkia aje akae hapa mlangoni. Akija, nitakwenda nawe Manispaa. Asipokuja, waache wavunje."

Sasa ndipo nafika kwenye orodha yako. Namba nane umeandika Mnara wa Saa, dakika arobaini na tano. Namba kumi, chakula cha jioni hotelini. Na katikati, kwa mwandiko wako ule mzuri: Namba tisa, kumsalimia Shangazi, dakika ishirini, kama muda utaruhusu. Mnara wenyewe saa yake imesimama tangu tukiwa watoto, nawe umeupa muda mara mbili ya mwanamke aliyekulisha. Bwana Ratiba angekuajiri leo hii. Nimekukasirikia sana, kisha nikakumbuka ile saa yangu moja ya Jumapili, nikaona mimi na wewe tumetoka tumbo moja kweli.

Kikao cha pingamizi ni tarehe 28 Aprili, saa nne asubuhi. Ukija Juni kama ulivyopanga, hakutakuwa na namba tisa. Wakwe zako wataoneshwa uwanja mpya wenye mawe ya kung'aa, bomba katikati, na mwongozaji mwingine atawaambia hadithi yangu.

Usilete orodha wala kamera. Njoo peke yako, ukiweza njoo mapema Aprili, ukae naye siku zako zote saba. Sitakutembeza popote. Kile kiti cha pili, cha mbao, alichokuwa akikalia Fundi, ameshakitoa nje na kukipangusa, na anajifanya amekianika tu.

Nisalimie sana mkeo, mwambie namshukuru kwa kitambaa alichonitumia. Wasalimie wanangu wawili, waambie shangazi yao siku hizi anaongea hata usingizini. Wasalimie na wakwe zako, uwaambie mji utawasubiri, haujawahi kumkimbia mtu. Shangazi anakusalimia, anauliza kama bado unakula bila kutafuna. Mungu akulinde njiani, akufikishe ukiwa mzima na ukiwa na haraka kidogo kuliko kawaida yako.

Na jambo la mwisho. Nimesimama mbele ya maelfu ya watu, kwa miaka tisa, nikaapa kwamba anayekunywa maji ya bomba lile ni lazima arudi. Wewe uliyanywa kila siku tangu Fundi alifunge mpaka ulipoondoka, kwa viganja vyote viwili. Usinifanye mwongo.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Kasuku