Anauza Boti Letu, Ananisingizia Ugonjwa

Mama mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi ipokee hivyohivyo, maana nimefika mahali pa kumwamkia yeyote atakayekubali kunisikiliza hadi mwisho.

Mimi ni mke wa mtu, mama wa binti mmoja aliyeolewa, na naishi majini. Usishtuke. Mume wangu alikuwa na kampuni ya kuchimba visima, mimi nilikuwa na karakana ya kushona mapazia na kuvisha makochi, na alipostaafu alinijia na picha ya boti la chuma, si yale maboti meupe ya matajiri ya kupungia upepo jioni, hili limejengwa kama meli ya uvuvi, pua ndefu, tumbo pana, matanki ya dizeli ya kuvuka bahari nzima bila kujaza tena, na ndani lina vyumba, jiko, bafu, hadi mashine ya kufulia, akaniambia, "Mke wangu, hii ndiyo nyumba yetu ya uzeeni, tutaishi humu na tutakwenda popote." Nililia, mshauri. Hata kuogelea nilikuwa sijui. Lakini niliuza vyerehani vyangu, tukauza na nyumba, nikamfuata, kwa sababu alikuwa na macho ya mtoto aliyeahidiwa baiskeli na mimi sikuwa na moyo wa kuyazima.

Basi jambo ambalo hakuna aliyelitegemea ni kwamba mimi ndiye niliyelipenda. Mwanzoni nilitapika mpaka nikamtukana aliyebuni maji, halafu nikazoea, halafu nikawa siwezi kulala nchi kavu. Nilijifunza kusoma ramani za bahari, kubadilisha machujio, kutoa hewa kwenye mipira ya dizeli injini ikigoma, napanda mlingoti mwenyewe kufuta rada, na boti lile nalijua kwa mlio, likikohoa tu nikiwa jikoni naacha mwiko nashuka chini. Makochi yote ya ndani nimeyavisha kwa mkono wangu. Pale gatini mume wangu wanamwita Nahodha, mimi wananiita Mke wa Nahodha, na sikujali, kwani jina linaliwa?

Kilichotuharibia ni safari ya mwaka jana. Tulikuwa mbali na nchi kavu kila upande, hali ya hewa ikageuka, mawimbi yakawa yanatupita juu ya paa, na boti letu ni zito, linalala ubavu linainuka, linalala linainuka, mimi nilijua litainuka, yeye akaacha kujua. Nilimwona akiuachia usukani, akakaa sakafuni, akakumbatia mguu wa meza, akaniambia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mama, nitoe humu." Nikashika usukani. Niliushika mpaka bahari yenyewe ikachoka, natafuna biskuti kwa mkono mmoja na kumsemesha yeye kule chini kama mtu anavyomsemesha mgonjwa wodini, na tulipokaribia bandari akainuka, akanawa uso, akavaa kofia yake, akauchukua usukani mikononi mwangu ili watu wa gatini waone ni yeye anayeliingiza boti. Nikamwachia. Nilimhurumia, mshauri, nasema kweli, na sikumwambia mtu.

Tangu hapo boti halijaenda kokote. Nikisema twende, mara injini, mara mgongo, mara upepo wa wiki ijayo. Na juzi nipo jikoni namenya viazi naona dalali anaingia na mtu na mkewe, wamevua viatu wamevishika mkononi kama waingiao nyumba ya msiba, mimi sijaambiwa neno, na kutoka chumba cha usukani namsikia mume wangu akiwaeleza kwa sauti ya huzuni, "Mimi ningekuwa peke yangu nisingeuza hata mngenipa nini. Ni mama watoto. Afya yake hairuhusu tena. Akiona wimbi anatetemeka." Yule mwanamume akauliza, sasa nani atatufundisha, sisi tumezoea viboti vya ziwani, mume wangu akamjibu, "Nitawafundisha hapahapa gatini, msijali." Yule mama akashuka jikoni, akanishika mkono na kisu changu na ganda la kiazi, akasema, "Pole sana, mama. Nakuelewa." Nikamwambia asante. Mshauri, nilisema asante!

Walipoondoka nikapanda juu.

"Nani anatetemeka?" nikamuuliza.

"Punguza sauti, majirani wanasikia."

"Nakuuliza wewe, nani anatetemeka?"

"Sasa ulitaka niwaambie nini? Mwanamume mzima kama mimi! Wewe ni mwanamke, hilo halikuvunjii heshima."

Kumbe maneno hayo ameshayasambaza kitambo. Binti yetu alinipigia akilia, "Mama, kwa nini hukuniambia unaumwa?" na ameshaniandalia chumba cha nyuma kwake, mkwe wangu amekipaka rangi na bafuni amenifungia chuma cha kushikia nisianguke, mimi ninayepanda mlingoti! Mlinzi wa getini naye siku hizi ananipokea kikapu mkononi na kunitembeza taratibu.

Boti limeandikwa kwa majina yetu wawili, bila saini yangu haliuziki. Wale watu wameshatoa kianzio na Jumamosi wanarudi kumalizana. Mume wangu ananibembeleza nisaini, ninyamaze, mambo yaishe, nimfichie aibu yake. Nikikataa nitamvua nguo mbele ya watu, nikikubali nakwenda kukaa kwenye kile chumba kama mgonjwa asiye na ugonjwa, na mume wangu atakaa sebuleni anawasimulia wajukuu safari zangu kama zake. Kumpenda nampenda, lakini siku hizi nikimwona anakunywa chai niliyompikia natamani ingekuwa ya moto zaidi. Nisaini au nisisaini?

Mke wa Nahodha

*

Mke wa Nahodha, marahaba, nimekuzidi.

Pole, na yangu usiitilie shaka kama ile ya mnunuzi. Umenyang'anywa kazi yako ukiwa umeishika mkononi, ukapewa ugonjwa wa mtu mwingine uubebe. Hilo linauma na lina haki ya kuuma. Ila mumeo kukaa sakafuni si kosa. Hofu humshika yeyote, hata aliyechimba visima maisha yake yote. Kosa lake lilianza aliponawa uso.

Sasa nawe usidhani nimekaa hapa kukupigia makofi. Bandarini ulimwachia usukani. Jikoni ulisema asante. Binti yako alilia kwenye simu, na barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta ulimjibu nini, sikukuta. Kwa hiyo najua: ulinyamaza. Wewe unaita huruma. Mimi naona mumeo alileta mchanga, wewe ukaleta maji, mkausimamisha huo uongo pamoja, na leo unashangaa una kuta. Tena niseme kweli ninavyoona: umeonja utamu wa kuwa yule anayejua yote na kuumia kimyakimya. Ni tamu, lakini inaozesha meno.

Ulitaka nikwambie usisaini. Sikwambii. Uza. Mtu aliyekuomba umtoe humo humkokoti kuvuka bahari nyingine, na katika mambo yote aliyosema tangu siku ile, hilo ndilo pekee la kweli. Mkiliacha boti lifungwe gatini, litaliwa na kutu na nyinyi mtalana wenyewe. Najua unalipenda. Utalipoteza. Sina namna ya kulisema hilo likapungua makali.

Lakini hutauza ukiwa mgonjwa. Kabla ya Jumamosi, keti naye umwambie ampigie binti yenu, wewe ukiwa kando yake, aseme kwa kinywa chake kwamba ni yeye asiyeweza tena bahari na kwamba uliyewarudisha salama ni wewe. Kwa binti na mkwe tu. Watu wa gatini si ukoo wenu, waache na Nahodha wao. Akikataa, weka kalamu chini. Usipige kelele, usieleze lolote. Dalali atamgeukia yeye, na atafute mwenyewe la kumjibu.

Nusu yako iingie kwenye akaunti yako, na mwanasheria aliandike hilo kabla hujagusa karatasi ya mauzo. Asije mtu kukuambia atakutunzia. Uliuza vyerehani mara moja, inatosha.

Kwenye chumba cha nyuma usihamie. Mshukuru mkwe wako, amefanya kwa upendo, lakini mzima akilazwa kama mgonjwa huishia kuwa mgonjwa kweli. Panga nyumba yako karibu na maji, yenye ufunguo wako. Mumeo akitaka kuja, abishe hodi, nawe uamue siku hiyo kama unafungua.

Kuhusu wanunuzi: watu waliozoea viboti vya ziwani wanapewa mlima wa chuma na mwalimu anayeogopa kuondoka gatini. Hapo hatuongelei tena aibu ya mtu, tunaongelea roho za watu. Mwite yule mama pembeni umwambie, "Mimi siumwi. Boti hili nalijua kuliko mtu yeyote, na safari zenu za mwanzo naweza kutoka nanyi." Kisha umtajie ujira wako, mkubwa, bila kuona haya. Atakuuliza kwa nini basi mnauza. Mjibu, "Sisi wawili hatuendi tena pamoja." Ni kweli, na haimvui mtu nguo.

Usitarajie shukrani. Wanaume wengi humsamehe mke aliyewakimbia kabla ya kumsamehe aliyewaona sakafuni, na wako huenda akawa mmoja wao. Hilo dawa yake sina. Lakini kuna binti analala akidhani mama yake anakufa. Baba akikataa kupiga hiyo simu, ipige wewe, leo.